Kizibao Alichonunua Dama

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila ninapoikumbuka huja na sura nyingine. Mara naona kosa liko hapa, mara naliona kule, na zipo siku silioni popote. Nitakusimulia hivyo hivyo ilivyo. Nakuona ukitoka Junda na baiskeli yako kabla hakujapambazuka, na juzi uliniuliza swali jepesi: "Mzee, nivae reflekta au nisivae?" Nikakujibu vaa, ukaenda zako. Nikabaki nimeketi pale kibarazani, nikaona jibu lile ni la kweli lakini halijatimia.

Wakati huo mvi zilikuwa hazijanijia, nami nilijihesabu kijana. Kaka yangu Karisa alikuwa mwashi, mimi nikipaka rangi. Tulipata kazi kwenye mjengo mmoja Nyali, na kila alfajiri tulitoka Junda pamoja kwa baiskeli, tukashika barabara ya Kisauni, tukapita Bombolulu, yeye mbele mimi nyuma. Si kwa sababu alikuwa mkubwa wangu. Alikuwa na miguu ya chuma, na mimi sikuweza kumfikia.

Siku moja kioo cha tuktuk kilimkwaruza mkono. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo, lakini mkewe, Dama, hakulala. Kesho yake alikwenda soko la Kongowea, kwenye mitumba, akarudi na kizibao cha kung'aa, hivi tunavyoviita reflekta. Kilikuwa na rangi ya ndimu iliyoiva, na mikanda ya fedha kifuani na mgongoni. Mgongoni palikuwa na maandishi yaliyofifia ya kituo fulani cha bodaboda.

"Wanaume wenzangu huletewa shati," Karisa akasema.

"Shati utaletewa ukirudi mzima," Dama akamjibu.

Basi akakivaa. Mwanangu, tulicheka siku zile! Watu wa kando ya barabara walimwona wakamdhani bodaboda. Mama mmoja pale Mishomoroni, na kikapu chake kichwani, alimpungia mkono: "Boda! Niwahishe Kongowea!" Karisa akapiga kengele: "Panda, mama, lakini na wewe ukanyage!" Kwenye mjengo ilikuwa vituko zaidi, kwa sababu huko wanaovaa vizibao vile ni wahandisi. Muuza chai akaanza kumwita bosi. Wenzetu wakamwuliza ameliegesha wapi gari lake. Karisa akawa anawajibu kwamba dereva wake ni mimi.

Hatukuona jambo lolote ndani ya vicheko hivyo. Mtu akikudhani bodaboda, wewe unacheka, unaendelea na safari.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na barabara ilijaa madimbwi. Karisa alivaa buti zake nyeusi za mpira, na kizibao juu ya shati. Mimi nilivaa koti la kahawia nililolizoea, na kizibao sikuwa nacho. Kulikuwa na giza la alfajiri, lile ambalo mtu unaona umbo la nyumba lakini huoni mlango. Nikasikia kanta, lile lori dogo la mizigo, linakuja nyuma yetu. Likanikaribia, likapunguza mwendo, likanipisha vizuri kabisa, kwa nafasi ya kutosha hata nikainua mkono kushukuru. Kisha likaongeza mwendo. Mbele yangu kile kizibao kilikuwa kinang'aa, nakiona wazi. Nikakiona kinajongea kulia, kukwepa dimbwi. Nikalisikia kanta linafunga breki.

Sitakuelezea nilichokikuta. Dereva hakukimbia. Alishuka akipiga kelele, tukamnyanyua Karisa pamoja, tukamweka ndani ya lile lile kanta, akatupeleka hospitali. Karisa hakufika adhuhuri.

Sasa fikiria nilivyokuwa mimi. Aliyevaa nguo ya kuonekana aligongwa. Mimi niliyevaa koti la rangi ya udongo, katika giza, nilipishwa kwa adabu. Ukiniambia niieleze hiyo, nieleze vipi?

Tulimzika kwetu Kaloleni, kisha tukarudi Junda kwa ajili ya shule ya watoto, matanga yakaendelea nyumbani kwake. Huenda wewe umezaliwa mjini na hujui, kwa hiyo nikuambie. Kwetu msiba una mahanga mawili. Lipo hanga bichi, la siku za kuzika, na lipo hanga bivu, la kuumaliza msiba, baadaye ndugu wote wakishakusanyika. Sisi ni watu wa kanisa, na mambo mengi ya zamani tuliyaacha, lakini si yote. Katikati ya mahanga hayo mjane hatoki nje ya ua wake, na nguo za marehemu hazivaliwi na mtu yeyote mpaka wazee wazigawe. Aliyesimamia hayo nyumbani kwetu ni Shangazi Sidi, dada wa marehemu baba, mwanamke mfupi ambaye hata mchungaji alimwogopa.

Yule dereva alikuja matangani. Jina lake Mutua, mtu wa bara, akileta mboga sokoni. Alikuja na jirani yake mmoja mtu mzima, nadhani kwa hofu ya kupigwa. Hakuna aliyempiga. Alipewa kiti, akakikataa, akasimama.

"Sikuja kujitetea," akasema. "Kesi iko na itaendelea. Nimekuja kwa sababu watu wananiuliza kama nilikuwa nimesinzia, kama sikumwona. Nilimwona. Heri ningekuwa sikumwona. Niliona ile rangi kutoka mbali sana, nikasema huyo ni mtu wa boda. Na mtu wa boda hangoji. Anaingia mbele yako, anafyatuka, ameenda. Alipoingia mbele yangu nikajua ataenda. Hakwenda. Ilikuwa baiskeli."

Mama mmoja kati ya waliokuwa wakichambua mchele akasema, si kwa sauti kubwa, "Kumbe ni hicho kidude alichonunuliwa."

"Kichomwe moto!" akasema mjomba mmoja.

Dama alikuwa ndani, ameketi kwenye mkeka, mtoto mchanga kifuani. Alisikia yote. Hospitali walitukabidhi nguo za Karisa ndani ya mfuko, na kizibao alikifua yeye mwenyewe, akakitundika nyuma ya mlango, hakumruhusu mtu kukigusa.

"Mlamu," akaniita, yaani shemeji.

"Naam, mlamu."

"Wewe ulikuwa nyuma yake. Kizibao changu ndicho kilichomwua?"

"Sijui."

"Usiniambie hujui. Ulikuwa na macho."

"Sijui, mlamu," nikasema tena, nikaangalia chini, nikatoka nje nikajifanya napanga viti.

Kuanzia hapo Dama akaacha kula. Akiwekewa uji anaushika mpaka unapoa. Usiku anauliza watu wale wale swali lile lile. Wengine walimwambia ni mpango wa Mungu, wengine ni ajali tu, wengine ati angenunua kizibao kipya kisicho na maandishi. Kila aliyejaribu kumtuliza alimwongezea jambo la kufikiri. Maziwa yakaanza kumkauka, na yule mtoto akawa analia kilio kile cha kukwaruza, cha mtoto mwenye njaa. Tulikuwa tumemzika mmoja, na kila mtu mle nyumbani aliona tunakoelekea.

Asubuhi moja akatuita mimi na Shangazi. Alikuwa ameshaamua.

"Nataka kuona alichokiona yule dereva," akasema. "Nikae mahali alipokaa, alfajiri kama ile, barabara ile. Mlamu aende mbele na baiskeli, avae kizibao, avae na buti za baba watoto, nimwone. Halafu avae nguo zake, nimwone. Hapo nitajua."

Shangazi Sidi alisimama. "Wewe Dama! Toka lini mjane akapanda lori na mtu aliyemwua mumewe? Na nguo za maiti, unamvika huyu kabla ya hanga bivu? Unataka nimzike na huyu?"

"Abee, Shangazi, nimekusikia," Dama akasema. Hakupaza sauti. "Lakini mkininyima nitakaa hapa hapa, na sitapata kujua."

Mtoto akaanza kulia. Dama akampa ziwa, mtoto akalivuta, akaliacha, akalia tena. Shangazi alimtazama yule mtoto kwa muda. Nilidhani atatoka. Badala yake akavuta leso yake, akaifunga kiunoni.

"Basi nakwenda naye," akaniambia mimi, kana kwamba ni mimi niliyeomba. "Mtu akiuliza, ni mimi niliyemtoa. Mimi ni mzee, watanifanya nini? Kamtafute huyo Mutua."

Mutua alipoambiwa aliketi chini palepale sokoni, kati ya makabichi. Gari lilikuwa limeshakaguliwa na kurudishwa. Alisema atakuja. Akauliza kama wanaume wa kwetu wanajua. Nikamwambia wanaume wa kwetu wanamwogopa shangazi yangu.

Kwa hiyo alfajiri moja nilivaa kizibao cha ndugu yangu na buti zake, nikapanda baiskeli yangu. Buti zilinipwaya. Nilikuwa nimevaa nguo za Karisa maisha yangu yote, maana mdogo hurithi za mkubwa, lakini hizi zilinilemea kama zimelowa. Wao walikuwa nyuma ndani ya kanta: Mutua, Dama katikati, Shangazi dirishani, na mtoto mapajani mwake. Yaliyosemwa mle ndani nilisimuliwa baadaye, na Shangazi alipenda kuyasimulia.

"Endesha polepole," alimwambia Mutua kabla hajawasha gari. "Mmoja umeshatuulia."

"Ndiyo, mama."

"Na usitetemeke. Ukitetemeka na mimi natetemeka, na nimebeba mtoto."

Mimi nilikanyaga. Nilisikia lile gari nyuma yangu. Karibu na Mishomoroni, mwanangu, mwanamke mmoja alisimama kando ya barabara akanyoosha mkono. "Boda! Wewe boda, mbona hunioni?" Nilipita nikilia.

Tulipofika mahali pale nikasimama, nao wakasimama nyuma kwa mbali kidogo. Dama akateremsha kioo. "Rudi sasa uvae zako," akasema. Sauti yake sikuweza kuisoma.

Nilivua kizibao na buti nikaviweka kwenye kanta, nikavaa koti langu na viatu vyangu, na kama ilivyo desturi yangu nikafunga miguu ya suruali. Watu wa baiskeli tunafunga suruali isiliwe na mnyororo. Wengine hufunga kwa kamba, wengine hukunja. Mimi nilikuwa nakata vipande vya gunia la plastiki, lile jeupe la unga, navizungusha kwenye vifundo vya miguu. Karisa hakuwa na haja navyo, maana buti huibana suruali ndani. Tukarudi tulikotoka, tukaanza upya, na giza lilikuwa bado lipo.

Safari hii sikufika mbali. Nilisikia honi. Nikasimama, nikageuka, na Dama alikuwa ameshashuka, yuko barabarani na nguo yake ya msiba, Shangazi akimwita kutoka juu.

"Miguu!" alikuwa akisema. "Mlamu, miguu yako!"

Nilidhani nimeumia. Nikajitazama.

"Ulipovaa kizibao nilikiona tangu kule kwa muuza makaa," akasema, akihema. "Tangu mbali kabisa. Lakini kilikuwa kinang'aa tu. Sikujua kama kinakwenda au kimesimama, sikujua ni pikipiki au mtu wa barabarani. Nilijua ni wewe kwa sababu najua ni wewe. Sasa hivi koti sikuliona kabisa. Ungekuwa umesimama tungefika juu yako. Nilichokiona ni vitu viwili vyeupe vinapanda, vinashuka, vinapanda, vinashuka. Hata sijakuona nimejua huyo ni mtu wa baiskeli."

Mutua naye alikuwa ameshuka. Alishika mlango wa gari lake kama mtu anayeshika ukuta. "Ndivyo nilivyokuona siku ile," akaniambia. "Niliona miguu inazunguka, nikasema baiskeli hii, nikakupisha. Nilikuwa nimeshasahau. Kisha nikaona ile rangi mbele, nikasema huyu mwingine ni boda."

Tulisimama pale sote, magari yakitupita. Shangazi alisema tutoke barabarani kabla hatujagongwa wote akakosekana wa kueleza. Tukasogea kwenye majani.

"Basi hakikumwua," Dama akasema. Hakuwa ananiuliza, lakini alinitazama.

"Hakikumwua, mlamu. Kilimwonyesha. Lakini hakikumwambia mtu kwamba ni baiskeli."

"Na kama angefunga vile vipande vyako, juu ya buti, angekuwa hai?"

Hapo ningeweza kumdanganya, mwanangu. Neno ndiyo lingempa jambo la kushika, neno hapana lingempa pumziko. Nikawaza dimbwi lile, na haraka ya Mutua, na Karisa ambaye hakugeuka kutazama nyuma, na barabara isiyo na nafasi ya mtu wa baiskeli. Ningechukua kipi nikiache kipi?

"Sijui," nikasema. Nilimtazama usoni.

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Uliposema sijui mara ya kwanza ulikuwa unanikimbia," akasema. "Hii naiweza."

Akapanda kwenye kanta. Shangazi aliniambia kwamba kabla hawajafika Junda Dama aliuliza kama kuna uji uliobaki nyumbani, na Mutua, ambaye hakuulizwa, akasema yeye anaweza kusimama dukani. Akasimama, akanunua maziwa, na Shangazi akamruhusu.

Yalisemwa mengi mtaani kuhusu mjane aliyepanda lori. Shangazi aliyajibu yote mwenyewe, na kwa maneno ambayo sitayarudia. Hanga bivu lilipofika, wazee waligawa nguo za Karisa, na kizibao hakuna aliyetaka kukitaja. Dama akakichukua kutoka nyuma ya mlango akanipa mimi mbele ya watu wote. Nikakivaa miaka mingi, mpaka mikanda ya fedha ikapukutika.

Na bado sijui. Huu ndio ukweli wangu na sina mwingine wa kuupamba. Zipo alfajiri naamka nikiwa na uhakika kwamba vipande viwili vya gunia vingemwokoa ndugu yangu. Kufika jioni naona ni upuuzi, kwamba Dama aliviona kwa sababu alikuwa anatafuta kitu, na dereva mwenye haraka hatafuti. Mutua hakuendesha gari tena usiku, nilisikia, kisha nikasikia ameacha kabisa. Kesi yake iliamuliwa na wanaojua sheria. Mimi nilichojua nilikisema, na kilikuwa kidogo.

Lakini uliniuliza, nami ni mtu mzima, siwezi kukuacha na kuchanganyikiwa kwangu tu. Kwa hiyo sikiliza. Vaa. Vaa hata wakicheka, hata wakikuita boda, hata joto la pwani likikuchosha. Bila kizibao utachelewa kuonekana, na hilo Dama alilishuhudia kwa macho yake. Ila usidhani kwamba kuonekana kumemaliza kazi. Mtu anaweza kukuona vizuri kabisa na akakosea wewe ni nani. Kwa hiyo weka kitu cheupe au cha kung'aa kwenye miguu yako, kwa sababu miguu ndiyo inayosema wewe ni baiskeli. Weka taa nyuma ukiipata. Ukitaka kukwepa dimbwi, geuka kwanza utazame, na kama kuna gari, heri ulowe. Na ikitokea siku ukawa wewe ndiye umeshika usukani, unapoona rangi ile mbele yako usikimbilie kusema najua huyo ni nani. Ngoja umjue.

Jingine ni la matangani. Kama mtu alimnunulia mpendwa wake kitu cha kumlinda na bado akampoteza, usimwekee lawama mikononi. Akikuuliza, mwambie unachokijua mpaka mwisho wake, na ukifika mwisho simama naye hapo, usitoke nje kupanga viti.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akutangulie barabarani na akufuate nyuma pia, maana huko ndiko wewe huoni. Na kila jioni, yule anayekungoja nyumbani akusikie ukiegemeza baiskeli ukutani.